Pale Yonne Unapoishia: Jiografia na Jina la Mji wa Montereau

Shuleni tunafundishwa kwamba Paris umejengwa kwenye kingo za Mto Seine, na hakuna mwenye haja ya kubisha. Lakini yapata kilomita 80 kusini-mashariki mwa Paris upo mji mdogo ambao jina lake limebeba kesi nzima ya mto huo. Mji wenyewe ni Montereau-Fault-Yonne, katika mkoa wa Seine-et-Marne, wenye wakazi 20,000 na ushei. Hapo mito miwili inakutana: Seine ukitokea mashariki, na Yonne ukitokea kusini-mashariki. Kuanzia hapo ni mmoja tu unaoendelea na jina lake hadi baharini, na jina la mji linamtaja aliyeshindwa. "Fault-Yonne" maana yake ni pale Yonne unapokoma.

Ukipima maji, hata hivyo, Yonne ndio mkubwa. Wastani wa maji yake mahali pale unakaribia mita za ujazo 93 kwa sekunde, ilhali Seine unaufikia ukiwa na mita za ujazo 80 hivi. Eneo linalomwaga maji yake Yonne lina takriban kilomita za mraba 10,800, nalo pia ni pana kidogo kuliko lile la Seine wa juu. Kanuni ambayo wataalamu wa maji huitumia ni nyepesi: mito miwili ikikutana, ule wenye maji mengi ndio mto mkuu, na mwenzake ni tawimto. Kwa kanuni hiyo, maji yanayopita chini ya madaraja ya Paris na kuingia baharini huko Le Havre yangepaswa kuitwa Yonne, na Seine ungekuwa tawimto linaloishia Montereau.

Wafaransa wengi wanalijua jambo hili, na watu wa bonde la Yonne hulisema kwa fahari. Ila mara nyingi linatajwa kama kichekesho cha jiografia kisha linaachwa. Kwa maoni yangu linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu ukilifuatilia unaelewa jinsi mito inavyopata majina, jinsi miji ya Ufaransa inavyopata majina, na kwa nini hadi leo Paris inautazama mji huu mdogo kila mvua za masika na za kipupwe zinapozidi.

Mito miwili, tabia mbili

Seine unaanzia kwenye uwanda wa juu wa Langres, katika mkoa wa Côte-d'Or, kwenye mwinuko wa mita 446 tu kutoka usawa wa bahari. Hiyo ni nchi ya mwamba wa chokaa. Mvua ikinyesha huko, sehemu kubwa ya maji hupenya ardhini, hukaa ndani ya mwamba, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi. Kwa hiyo Seine wa juu ni mto mtulivu: haujai ghafla, na wakati wa kiangazi haukauki upesi.

Yonne unatoka kwenye nchi ya namna nyingine. Chanzo chake kiko karibu na kijiji cha Glux-en-Glenne, kwenye vilima vya Morvan, mwinuko wa mita 730 hivi. Morvan ni kisiwa cha mwamba mgumu wa matale katikati ya eneo la Burgundy, na kilele chake kirefu kabisa, Haut-Folin, kina mita 901. Vilima hivyo hukinga mawingu yanayotoka Atlantiki, na kwenye sehemu za juu mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile inayonyesha Paris. Mwamba wa matale haunywi maji kama chokaa. Mvua inaporomoka juu yake na kuingia mtoni saa ile ile, na ndiyo maana Yonne hufurika haraka na kupungua haraka. Kwa urefu una kilomita 292.

Kwa hiyo mito inayokutana Montereau inakaribiana kwa ukubwa lakini haifanani kabisa kwa mwenendo. Mmoja ni mwepesi wa hasira, mwingine ni mpole na mzito. Tofauti hii tutairudia, kwa sababu ndiyo inayoamua kama Paris itapata mafuriko au la.

Nani aliyeamua?

Mtu anaweza kudhani kwamba mchoraji ramani fulani alikosea zamani, na kosa likarithiwa. Ushahidi uliopo unaonyesha jambo la zamani zaidi ya ramani. Julius Caesar, alipoandika habari za vita vyake huko Gaul, yaani Ufaransa ya kale, katikati ya karne ya 1 kabla ya Kristo, aliutaja mto unaopita Paris kwa jina Sequana, na kusema kwamba huo pamoja na Matrona, yaani Marne wa leo, ndio unaowatenga Wagaul na Wabelgae, makabila ya kaskazini. Tena, akisimulia mwaka 52 kabla ya Kristo, anaueleza mji wa Melun kuwa umejengwa juu ya kisiwa ndani ya Sequana. Melun uko chini ya Montereau, yaani kwenye sehemu ambayo maji ya mito miwili yameshachanganyika. Maana yake ni kwamba kabla Warumi hawajaitwaa nchi ile, wenyeji walikuwa wameshakubaliana: mto uliochanganyika ni Sequana.

Kwa nini walichagua hivyo? Hakuna mwenyeji wa wakati ule aliyeacha maandishi ya sababu. Tunachokiona ni heshima waliyoupa mto huo. Kwenye chanzo cha Seine palikuwa na mahali patakatifu pa mungu wa kike aliyeitwa Sequana, na watu walifika hapo kutafuta uponyaji. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mamia ya sanamu za mbao za miili na viungo, kila moja ikiwa ombi au shukrani ya mgonjwa, pamoja na sanamu ya shaba ya mungu huyo akiwa amesimama ndani ya mashua yenye kichwa cha bata. Vyote viko kwenye jumba la makumbusho la Dijon. Paris yenyewe imeendelea kukienzi chanzo hicho: tangu mwaka 1864 kipande cha ardhi kilicho na chemchemi hizo ni mali ya jiji la Paris, ingawa kiko mbali nalo sana.

Yonne nao ulikuwa na mungu wake. Huko Auxerre limepatikana jiwe lenye maandishi ya Kilatini ya kumtukuza Icauna, na jina hilo Icauna ndilo lililogeuka taratibu katika vinywa vya watu hadi kuwa Yonne. Majina yote mawili, Sequana na Icauna, yalikuwapo kabla ya Kilatini. Warumi waliyakuta na kuyaandika tu kwa namna yao.

Ikumbukwe pia kwamba watu wa kale hawakuwa na vipimo vya mita za ujazo kwa sekunde. Mto kwao ulikuwa njia. Waliupa jina kwa jinsi walivyoutumia, kwa ulikowapeleka na kwa nani walikutana naye huko. Na Seine una bahati ya kushinda mashindano ya aina hii. Karibu na lango la Paris, huko Charenton, unakutana na Marne, ambao una kilomita 514 na ni mrefu kuliko Seine ulivyo hadi kufikia hapo. Marne nao unapoteza jina. Kusini-magharibi mwa Ufaransa njia nyingine ilitumika: Garonne na Dordogne zinapokutana, hakuna aliyeshinda, na maji yaliyochanganyika yakapewa jina la tatu, Gironde. Ingewezekana kabisa Montereau nayo ikawa mahali pa kuzaliwa jina jipya. Haikuwa hivyo.

Jina la kwanza: Condate

Kabla ya kuitwa Montereau, mahali hapa paliitwa Condate. Jina hilo linaonekana kwenye orodha ya njia za Dola ya Kirumi ijulikanayo kama Itinerari ya Antonino, kama kituo kilicho kati ya Agedincum, ambao ni Sens wa leo, na Melun, kwenye barabara ya kuelekea Lutetia, yaani Paris. Condate ni neno la Kigaul, lugha ya Wakelti wa nchi ile, na lilitumika kwa mahali ambapo mito inaungana.

Kwa kuwa mito inaungana sehemu nyingi, akina Condate walikuwa wengi. Rennes, mji mkuu wa Bretagne, uliitwa Condate. Cosne, kando ya Loire, ni Condate. Candes, ambapo Vienne unaingia Loire na ambapo Mtakatifu Martin wa Tours alifariki mwaka 397, ni Condate. Na vijiji vinavyoitwa Condé vimetapakaa Ufaransa nzima, vingi vikiwa kwenye makutano ya maji. Warumi walipoleta lugha yao walikuwa na neno lao kwa maana hiyo hiyo, confluentes, nalo limezaa Conflans, pale Oise unapoingia Seine, na Koblenz huko Ujerumani, pale Moselle unapoingia Rhine. Kwa hiyo ukiwa na ramani ya Ulaya mkononi, majina haya peke yake yanatosha kukuonyesha mito inakutana wapi.

Jina la Condate likafifia hapa. Halikubadilika kidogo kidogo kama lilivyofanya huko Candes. Liliondolewa na jengo.

Jina la pili: monasteri ndogo

Mtu anayejua Kifaransa kidogo akiliona neno Montereau anaweza kufanya hesabu ya haraka: mont ni mlima, eau ni maji. Mlima na maji! Na kweli mji una kilima kikali kinachoitwa Surville upande wa kaskazini, na maji mawili chini yake. Hesabu inakubaliana na mandhari vizuri mno, ndiyo sababu inapotosha. Asili ya jina haina mlima wala maji.

Katika Zama za Kati mahali hapa palijengwa nyumba ndogo ya watawa iliyowekwa chini ya jina la Mtakatifu Martin. Monasteri kwa Kilatini ni monasterium, na monasteri ndogo ni monasteriolum. Kinywani mwa wenyeji neno hilo refu lilipunguka silabi kwa silabi. Katika maandishi ya karne ya 15 linaonekana kama Monstereau, na ile s ya katikati, ambayo ilikuwa haitamkwi tena, ni alama ya wazi ya monasteri iliyofichika ndani yake. Baadaye s nayo ikaachwa, pakabaki Montereau.

Neno hilo hilo la Kilatini, katika sehemu nyingine za Ufaransa, lilipita njia tofauti na kuwa Montreuil. Mji wa Montreuil ulio pembeni mwa Paris, na Montreuil-sur-Mer kule kaskazini, ni ndugu wa Montereau kwa asili ya jina: wote walipewa jina la nyumba ndogo ya watawa. Tofauti ya Montreuil na Montereau ni tofauti ya matamshi ya eneo na eneo.

Wingi huo wa watawa ndio ulioleta haja ya kuongeza maneno. Ufaransa ilijaa vijiji vyenye majina yanayofanana, na watu wakalazimika kuvitofautisha kwa kutaja mto, mtakatifu au mwenye nchi. Ndani ya mkoa huo huo wa Seine-et-Marne kuna Montereau nyingine, Montereau-sur-le-Jard, karibu na Melun. Barua iliyoandikwa "Montereau" peke yake ingeweza kupotea kirahisi.

Jina la tatu: Fault-Yonne

Hapa ndipo lilipo neno linalowatatiza hata Wafaransa wenyewe. Miji mingi ya mtoni inajitambulisha kwa neno "sur", yaani kando ya au juu ya: Nogent-sur-Seine, Pont-sur-Yonne, Moret-sur-Loing. Montereau ungeweza kabisa kuitwa Montereau-sur-Seine. Badala yake umechagua kitenzi.

Kitenzi hicho katika Kifaransa cha kale ni faillir, chenye maana ya kupungukiwa, kukosekana, kufika mwisho. Faut ni umbo lake la wakati uliopo, nafsi ya tatu. Jina kamili lilikuwa sentensi: Montereau où faut l'Yonne, Montereau ambapo Yonne unakoma. Herufi l iliyo kwenye fault iliongezwa na waandishi wa mwisho wa Zama za Kati na waliofuata, waliopenda kuonyesha kwamba neno limetoka kwenye Kilatini. Haijawahi kutamkwa, na wenyeji husema "fo" tu. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa il faut ya Kifaransa cha leo, yaani inapasa, inabidi: kinachokosekana ndicho kinachohitajika.

Upo ushahidi wa kishairi kwamba watu wa zamani waliielewa sentensi hii kama sentensi. Shairi fupi la mistari minne linalosimulia mauaji yaliyotokea kwenye daraja la mji huu mwaka 1419 linamalizia kwa maneno "à Montereau où fault l'Yonne", ili Yonne upatane kwa kina na Bourgogne, yaani Burgundy kwa Kifaransa. Hapo fault haijawa bado kipande cha jina kisichoeleweka. Ni kitenzi kinachofanya kazi yake.

Kwa mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mji huu. Majina mengine ya mtoni yanasema mji uko wapi. Jina hili linasema mto unafanya nini, tena linasema kwa upande wa aliyeshindwa. Seine, aliyeshinda, hatajwi kabisa.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliongeza mkanganyiko mmoja. Mwaka 1790 nchi iligawanywa upya katika mikoa, na mingi ikapewa majina ya mito ili kuufuta ukumbusho wa majimbo ya wafalme. Ukaundwa mkoa wa Yonne, wenye miji ya Auxerre na Sens. Montereau, uliokuwa kwa karne nyingi ukitazama Sens kama mji wake mkubwa, ukaangukia mkoa wa jirani. Kwa hiyo mji wenye Yonne ndani ya jina lake haumo katika mkoa wa Yonne. Umo katika mkoa wenye jina la Seine na Marne.

Mji wa vipande vitatu

Mito miwili inayokutana huigawa nchi mara tatu, na mji uliojengwa pale lazima uishi katika vipande vitatu. Mji wa kale wa Montereau, wenye kanisa kubwa la Notre-Dame-et-Saint-Loup, uko kwenye ukingo wa kushoto wa Yonne. Kati ya mito kuna ncha ya ardhi iliyochongoka, ambapo ngome ilisimama katika Zama za Kati. Na ng'ambo ya Seine, upande wa kulia, ardhi inapanda ghafla kwenda Surville. Ili kutoka mji wa kale hadi Surville unavuka daraja la Yonne, unakanyaga ncha, kisha unavuka daraja la Seine. Anayeyashika madaraja hayo mawili anaishika njia ya Paris na njia ya Burgundy kwa pamoja, na hapo ndipo historia ya damu ya mji huu ilipoanzia.

Tarehe 10 Septemba 1419 walikutana darajani watu wawili waliokuwa na kila sababu ya kutoaminiana. Mmoja alikuwa Jean sans Peur, Duke wa Burgundy, ambaye mwaka 1407 aliagiza kuuawa kwa Louis wa Orléans, ndugu wa mfalme, katika mitaa ya Paris. Mwingine alikuwa Charles, mrithi wa kiti cha ufalme, kijana wa miaka 16. Waingereza walikuwa wameitwaa Rouen mwezi Januari mwaka huo, na pande mbili za Wafaransa zilihitaji kupatana kabla nchi haijaisha. Duke alikuwa ngomeni, Charles alikuwa mjini, na daraja lilikuwa katikati. Pakajengwa uzio wa mbao juu ya daraja, kila upande ukaingia na watu wachache. Maneno yakapanda, na watu wa Charles wakamuua Duke palepale.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Mwana wa Duke, Philippe, akajiunga na Waingereza, na tarehe 21 Mei 1420 ukatiwa saini Mkataba wa Troyes, uliomfanya Henry wa Tano wa Uingereza kuwa mrithi wa kiti cha Ufaransa badala ya Charles. Inasimuliwa kwamba miaka mia moja hivi baadaye mtawa mmoja wa Dijon alimwonyesha Mfalme François wa Kwanza fuvu la Duke lililopasuliwa, akamwambia kwamba kwa tundu lile ndipo Waingereza walipoingilia Ufaransa. Ndani ya kanisa la Montereau unaning'inia upanga ambao kwa mapokeo ni wa marehemu huyo.

Karne nne baadaye ramani ile ile ikaamua vita vingine. Tarehe 18 Februari 1814 majeshi ya Württemberg na Austria yalikuwa yamejipanga juu ya uwanda wa Surville, Seine ukiwa mgongoni mwao. Walipozidiwa na Wafaransa, hawakuwa na pa kurudi nyuma isipokuwa kuteremka kilima kikali na kuyakimbilia yale madaraja mawili. Napoleon akapanga mizinga juu ya Surville na kuyapiga madaraja kutoka juu, na wapanda farasi wa Jenerali Pajol wakateremka mbio na kuyateka kabla hayajalipuliwa. Ulikuwa mmoja wa ushindi wa mwisho wa Napoleon. Wiki saba baadaye alijiuzulu. Sanamu yake juu ya farasi imesimama leo kwenye ncha, kati ya daraja na daraja.

Kuni, udongo na watu

Ukitaka kujua Yonne ulikuwa na thamani gani kwa Paris, uliza jiji lilipata wapi moto wa kupikia na kujipasha joto. Tangu katikati ya karne ya 16 miti ya Morvan ilikatwa, magogo yakatupwa kwenye vijito, yakakusanywa huko Clamecy na kufungwa kuwa vyelezo virefu, vingine zaidi ya mita 70. Wanaume wachache waliviongoza kwa upondo hadi Paris, wakavifungua na kuuza kuni, kisha wakarudi kwao kwa miguu. Biashara hiyo iliishi zaidi ya miaka 300, hadi makaa ya mawe na reli vilipoiua. Mivinyo ya Auxerre nayo iliteremka kwa njia hiyo hiyo. Vyote vilipita Montereau, vikiingia Seine kupitia pembe ile ya maji.

Udongo mzuri wa eneo hilo ulileta kazi nyingine. Tangu karne ya 18 kulikuwa na kiwanda cha vyombo vya kauri, kilichoungana mwaka 1840 na kile cha mji wa Creil, na sahani zenye chapa ya Creil et Montereau zikaenea katika nyumba za Wafaransa wa kawaida. Kilifungwa mwaka 1955. Muda mfupi baadaye uwanda wa Surville, ule wa mizinga ya 1814, ukajengwa maghorofa ya wafanyakazi, na sehemu kubwa ya watu wa Montereau wa leo, wanaoitwa Monterelais, wanaishi juu huko, mbali na maji yaliyoupa mji jina.

Kwa nini Paris inautazama mji huu

Sasa turudi kwenye hasira ya Yonne na upole wa Seine. Mvua kubwa ikinyesha katika bonde zima, wimbi la mafuriko la Yonne hufika Montereau mapema kwa sababu mwamba wa Morvan haulizuii. Wimbi la Seine hufika baadaye. Kwa kawaida, basi, mafuriko ya Yonne huwa yameshapita ndipo yale ya Seine yanapowasili, na Paris inapata mawimbi mawili madogo badala ya moja kubwa. Hatari ni pale mvua inaporudia. Yonne ukijaa mara ya pili wakati wimbi zito la Seine ndio kwanza linafika, mawili hayo hupandana Montereau na kwenda Paris yakiwa mamoja.

Januari 1910 Paris iliona nini kinaweza kutokea mabonde yote ya juu yakijaa kwa pamoja. Tarehe 28 maji yalifika mita 8.62 kwenye kipimo cha daraja la Austerlitz, na mitaa ikapitika kwa mashua. Baada ya hapo Ufaransa ikaanza kujenga mabwawa makubwa kwenye mito ya juu. La kwanza kubwa lilikuwa Pannecière, juu ya Yonne wenyewe ndani ya Morvan, lililokamilika mwaka 1949 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 80. Miaka ya 1960 likaja la Seine, Ziwa la Orient, lenye zaidi ya milioni 200, mwaka 1974 Ziwa la Der kwa ajili ya Marne, lenye milioni 350, na mwaka 1990 yakaja ya Mto Aube. Utaona mara moja upungufu uko wapi: mto wenye maji mengi na wenye kasi ndio uliopata bwawa dogo kuliko yote. Juni 2016 maji yalipanda Paris hadi mita 6.10, na Januari 2018 hadi 5.85.

Suluhisho lililobuniwa safari hii halikuhitaji kuuzuia Yonne. Juu kidogo ya Montereau, Seine unapita kwenye bonde tambarare la mabwawa na vinamasi liitwalo Bassée. Katika miaka ya 2020 hapo limejengwa bwawa la majaribio la mita za ujazo milioni 10, lililozungukwa na kuta za udongo. Yonne ukifurika, pampu huyavuta maji ya Seine na kuyahifadhi ndani ya kuta hizo kwa siku chache, ili Yonne upite Montereau kwanza. Kisha Seine unarudishiwa maji yake. Wahandisi wanaoliendesha hawajali ni mto upi uliopewa jina; wanachokipima ni muda ambao wimbi la Yonne litafika chini ya yale madaraja mawili, ili Seine usubiri hadi liishe kupita.